Kwa Mbuzi Weusi, Kata Kushoto

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alianguka kutoka juu ya mnazi aliokuwa akiugema kule Ganda, na tangu siku ile hatukuwa na mtu. Hakufa papo hapo. Alilala mkekani miezi saba, mguu unaoza, na ndugu zake wakawa wanakuja kumtazama mmoja mmoja, wanakunywa uji wetu, wanaondoka. Alipokufa walikuja wote pamoja wakagawana minazi. Mama aliachiwa jembe, sufuria mbili na mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu mkuu aliniambia nirudi nikipata sare. Sikupata, sikurudi.

Haya nayaandika kwa mkono wangu. Herufi za darasani nilizisahau, nikajifunza upya nikiwa mtu mzima mwenye mvi, kwa kusoma vibao vya barabarani na magazeti ya kufungia maandazi, basi asiyependa mwandiko wangu aache hapa. Naandika kwa sababu mjini Malindi wapo watu mpaka leo wanaosema kwamba nilimtega mwenzangu katika mashindano ya magari akavunjika. Sikumtega. Nitasema nilichofanya, na anayetaka kuniita jina lolote baada ya hapo aniite. Mlango wangu anaujua.

Nilikwenda mjini kwa miguu nikapata kazi ya kuosha magari katika gereji moja ya Shella. Mwenye gereji alikuwa mtu wa visiwani, wa familia ya dini, ana malori matatu ya korosho na ndevu zilizochanwa vizuri. Nitamwita tajiri, kwani ndivyo nilivyomwita miaka yote. Hakunipiga. Hakunisifu. Nilipofika umri wa kushika usukani alinipa lori, na lori lile ndilo lililonifundisha kila ninachokijua.

Niliendesha peku. Mwanzoni ni kwa sababu sikuwa na viatu, na nilipovipata nikakuta siwezi. Kiatu kinamfanya dereva kiziwi. Kwa unyayo nasikia klachi inapotaka kushika kabla haijashika. Nasikia kokoto zinapogeuka kuwa mchanga. Breki ikianza kuchoka, kidole gumba changu kinajua kabla yangu. Wenye viatu huniuliza nawezaje. Mimi huwauliza wao.

Juu nilivaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi ya makaa, kifungo cha shingoni kimefungwa. Kila safari, hata nikibeba magunia. Wapakiaji walikuwa wakiniuliza, "Leo nani anaoa?" Nami nawajibu, "Dada yako." Hawakuacha kuuliza, sikuacha kuvaa. Sababu yake ni hii. Nilipokuwa muosha magari, wenye magari wakitaka nisogee walinishika begani kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitambaa cha jikoni. Nilitaka anayetaka kunishika afikirie kwanza.

Miaka ya themanini mwanzoni, wenye mahoteli na wafanyabiashara wa pwani walianzisha mashindano ya magari, mara moja kwa mwaka, mvua zikishapita. Yalianzia Malindi, yakavuka daraja la Sabaki, yakapanda Marafa kwa njia za vumbi, yakarudi darajani kwa njia nyingine, kisha yakakata kwa njia za bara mpaka Kilifi, kwenye gati la feri. Daraja la Kilifi halikuwa limejengwa bado. Barabara iliishia majini, na mashindano yakaishia hapo.

Tajiri alinunua gari dogo jekundu, la Kijapani, lililotumika, akaling'oa viti vya nyuma, akaandika jina la gereji mlangoni. Akanitazama akasema, "Utaendesha wewe. Ukilivunja utarudi kwenye lori." Mwaka wa kwanza nilikuwa wa tano. Wa pili, wa tatu. Wa tatu, wa pili.

Wasemao kwamba mashindano yanaleta undugu ni watu ambao hawajawahi kukaribia kushinda. Mimi sikumpenda hata mmoja niliyeshindana naye. Yule mwenye hoteli aliyenishinda mara mbili alinipa mkono pale Kilifi, akafuta kiganja kwenye suruali. Nilimwona. Nikakaa mwaka mzima na kile kiganja.

Na wasimamizi walikuwa vile vile. Mwaka wa kwanza mmoja wao, mwenye filimbi shingoni, aliinama dirishani kwangu.

"Viatu viko wapi? Sheria inasema dereva awe na viatu."

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, juu ya shati.

"Awe navyo miguuni," akasema.

"Imeandikwa miguuni?"

Akafunua karatasi, akasoma, akafunua nyingine. Haikuandikwa miguuni. Toka mwaka huo viatu vyangu vilisafiri shingoni, ndiyo jozi moja ile ile, na vijana wa Malindi wakaanza kuniiga wakitembea sokoni. Sikuwafukuza, sikuwachekea.

Sheria nyingine ilisema gari liwe na watu wawili: dereva, na msomaji wa kumsomea njia iliyo mbele kutoka kwenye daftari. Msomaji wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Ganda, mtu wa bara, Mkristo, mwembamba, miwani imefungwa waya. Wenzetu waliandika kona zao kwa namba. Mimi namba hazinielezi kitu. Nilimwambia mwalimu aandike kama ninavyosema, kwa maskani za watu. Kwetu njia haihesabiwi, inajulikana kwa wanaoishi kandoni mwake. Basi daftari likajaa mambo kama haya: *Kwa mjane wa vyungu, kulia polepole. Kwa mapacha, moja kwa moja usiogope. Kwa mzee wa mbuzi weusi, hesabu kumi, kata kushoto kwa nguvu.* Mwalimu aliandika kichwa chini, huku tumbo likimsumbua kwa kona. Hakuna siku aliyoinua macho akatazama mtu wala nyumba. Kwake yalikuwa maneno tu. Lakini alisoma vizuri, kwa sauti kavu, na miaka mitatu hatukukosea hata kona moja.

Mwaka wa themanini na tano tajiri akamwoza binti yake wa mwisho. Mkwe alitoka Mombasa, kijana wa suti, mnukia udi, aliyewahi kuendesha magari ya kasi huko na kuwa na picha za kuthibitisha. Tajiri alimnunulia gari jipya, jeupe, la kuingia nalo mashindanoni. Yaani gereji moja, magari mawili. Niliona kitakachofuata. Nikamwendea tajiri, mafundi wote wapo, mkwe naye ameketi juu ya tairi anakunywa kahawa.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba. Sema."

"Hii ya nne nakuendeshea. Mwaka huu nikiwa wa kwanza, hili jekundu nipe liwe langu."

Mkwe akacheka ndani ya kikombe. "Mwahidi, baba. Ahadi hainywi petroli."

Tajiri alimtazama mkwewe, akanitazama mimi. "Ukiwa wa kwanza mbele ya wote, gari ni lako, nakupa na kadi yake hapo hapo Kilifi. Usipokuwa wa kwanza, Jumatatu unarudi kwenye lori la korosho, na habari za mashindano sitaki kuzisikia kinywani mwako tena."

"Nimekubali."

"Mmesikia nyote," akawaambia mafundi.

Mjue gari lile lilikuwa nini. Lilikuwa kutoamshwa na mtu asubuhi. Lilikuwa kupakia watu wangu na kuwashusha watu wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na kila kitu nilichowahi kukishika kwa mikono miwili kilikuwa cha mtu mwingine.

Siku kumi kabla ya mashindano mwalimu hakuja mazoezini. Nikamfuata shuleni. Alikuwa ubaoni, akaniona dirishani, akaendelea kuandika. Alipotoka hakunikaribia.

"Nimeamua kukaa na yule mwingine," akasema. "Mkwe wa bosi wako. Ameniahidi kunitafutia nafasi ya kufundisha Mombasa. Hapa nitazeeka bure."

"Na daftari?"

"Daftari ni mwandiko wangu."

"Njia ni yangu."

"Njia ni ya serikali, bwana," akasema, akaingia darasani.

Sikumpiga. Watoto walikuwa wakitazama.

Basi nikabaki bila msomaji na bila daftari. Nilifanya nilichokijua. Niliomba ruhusa kazini, nikavua shati nikaliweka nyumbani, nikaenda kuitembea njia. Kutoka darajani mpaka Marafa na kurudi kwa njia ya pili, siku nne, kwa miguu. Nilipiga hodi kila maskani, nikanywa maji yao, nikauliza habari. Niliweka kila kona kichwani, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyoweka aya. Na siku ya tatu nikafika kwa mzee wa mbuzi weusi, nikakuta hakuna kitu. Nguzo mbili zilizooza na majivu.

Walikuwa wamehama. Kwetu maskani ikiandamwa na misiba huhamishwa; hapo walizika wawili katika mwezi mmoja, wakaona basi. Wakabeba nguzo, makuti, mbuzi, na jina. Kwani jina la mahali halibaki penye mawe, linakwenda na watu wake. Nikawakuta mbele kidogo, mwendo wa kuvuta sigara moja, upande ule ule wa njia, zizi limejengwa vile vile, mbuzi weusi wale wale wamesimama wananitazama. Na ukihesabu kumi kutoka zizi lile jipya, kushoto kuna njia, kweli. Njia ya magari ya mchanga, inayoteremka moja kwa moja kwenye korongo. Mnalijua korongo la Marafa. Watalii hulipa kuliona.

Nilikaa pale juu ya jiwe kama nusu saa. Nilijua kilichoandikwa kwenye daftari, neno kwa neno, kwa sababu ni maneno yangu. Kisha nikainuka nikaendelea kutembea.

Ilibaki sheria ya watu wawili. Mafundi wa gereji walikataa wote kuketi na mimi, wakimwogopa mkwe. Nilikwenda Ganda nikamweleza mama. Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Anayekaa hapo hufanya nini?"

"Huniambia ni kwa nani na ni wapi pa kugeuka."

"Kutoka darajani mpaka Marafa nimezika watu huko miaka arobaini. Nitakaa mimi."

Siku ya kukagua magari, kesho yake ndiyo mashindano, mwalimu alinijia uwanjani. Alikuja kwa kuzunguka, kama anayetafuta choo.

"Usikasirike, bwana. Ni maisha tu."

"Sijakuuliza maisha."

Akasugua miwani. "Nilitaka kujua jambo moja. Yule tajiri mdogo hataki kwenda kuitazama njia, ana wageni wa harusi bado. Anasema daftari latosha. Sasa pale kwa mbuzi weusi, ile kona mbaya, si bado ni pale pale?"

Nilimtazama. Nakumbuka alikuwa na chokaa ya ubaoni kwenye ukucha.

"Nani aliandika?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Basi soma."

Akaondoka. Hayo ndiyo maneno yangu yote. Wanaosema nilimtega waonyeshe mtego uko wapi ndani yake.

Asubuhi ya mashindano mama alikuja amevaa leso mpya, kanga ya pili kiunoni, mkoba wa ukili mkononi. Yule mwenye filimbi akamzunguka.

"Huyu ni nani?"

"Msomaji wangu."

"Mama, shikamoo. Unajua kusoma?"

"Marahaba. Wewe unajua kufika Marafa bila karatasi?"

Akampa kofia ngumu. Mama akaivaa juu ya leso, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Mkwe akapita na viatu vyake vya ngozi laini na glavu za vidole wazi. "Leo umekuja na mzigo wa sokoni?" akaniambia. Mama akamtazama viatu, kisha uso, akaniuliza kwa lugha yetu, kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye aliyeoa?"

"Ndiye."

"Haya."

Magari yaliachiwa moja moja, kila dakika tatu. Mkwe alikuwa wa pili, mimi wa nne. Gari jeupe likaondoka kwa vumbi, mwalimu kichwa chini, daftari wazi. Sisi tukasogea mstarini. Ndipo mama akasema, kama anayekumbuka chumvi, "Yule mwalimu umemwambia kwamba kwa mbuzi weusi wamehama?"

"Amehama na daftari langu. Ataona mwenyewe."

"Hukumwambia?"

"Mama, kaza mkanda."

"Basi nishuke nimwambie mimi."

"Amekwisha kwenda."

Bendera ikashuka.

Siwezi kueleza mwendo ule kwa asiyeendesha. Nitasema tu kwamba sijawahi kuendesha vile kabla wala baada. Mama aliita maskani moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayesalimia: "Hao wa vyungu. Kulia." "Hapa mchanga, hapa kuna mtoto kiziwi, piga honi." Miguu yangu ilikuwa imeyajua yote tayari. Tukalipita gari moja lililotoboka tairi. Mbele yetu yakabaki mawili, lile la mwenye hoteli na la mkwe.

Tulipofika kwenye nguzo mbili zilizooza nilihesabu kumi, nikakata kushoto, sawasawa. Kona ile ilikuwa tamu mpaka leo naikumbuka kidoleni. Njia inazunguka kidogo, kisha inapita mbele ya zizi jipya. Na hapo nikaliona vumbi limening'inia kushoto, juu ya korongo, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na vumbi.

Ndiyo, mtu anaweza kufika hapo kwa njia zote mbili. Aliyekosa kona ya kwanza huenda moja kwa moja, anaikuta njia yetu tena karibu na zizi, anaona mbuzi, anasomewa kumi, anakata. Walikuwa wameikosa ya kwanza kwa sababu hapakuwa na mbuzi, wakaiona ya pili kwa sababu mbuzi walikuwepo. Mwalimu alisoma vizuri, kama kawaida yake.

Alikuwa amesimama katikati ya njia, miwani haipo, sikio linavuja damu, anapunga mikono yote miwili. Nyuma yake watu wa maskani walikuwa wakikimbilia ukingoni. Gari jeupe lilikuwa limelala ubavu kwenye ngazi ya kwanza ya korongo, hatua kama kumi na tano chini, na ndani yake mkwe akimwita mama yake.

"Simama," mama akasema.

"Nikisimama, gari nimelipoteza."

"Simama nishuke mimi."

Nikasimama. Akafungua mkanda, akavua kofia ngumu, akaiweka juu ya kiti kwa adabu, kama anayerudisha chombo cha jirani. Akanitazama.

"Ulijua."

"Aliniibia, mama."

"Sikukuuliza alichofanya yeye."

"Wapo watu kumi hapa wa kumtoa. Mimi gari langu halina hata kiti cha nyuma cha kumlaza. Nikae nifanye nini?"

Alifunga kanga kiunoni akateremka na wale wengine.

Sasa nilikuwa peke yangu, na sheria inataka watu wawili. Nikamtazama mwalimu.

"Panda."

"Mimi?"

"Kofia hiyo hapo."

"Na mwenzangu?"

"Darajani kuna wasimamizi na pikapu. Ukipanda utawapelekea habari upesi kuliko mtu yeyote hapa. Ukibaki utamlilia tu, na huoni vizuri."

Akapanda. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Alijua nasema kweli, ndiyo sababu. Na alikuwa bado ameshika daftari. Alitoka garini na damu, akaacha miwani, hakuacha daftari.

Tulikwenda mpaka tukaliacha vumbi nyuma. Kisha nikamwambia, "Soma."

"Nisome nini?"

"Ulichoiba."

Akalisogeza karibu na pua. "Kwa mapacha, moja kwa moja usiogope."

"Wapo. Endelea."

"Kwa fundi wa mikeka, kushoto kidogo."

"Walihamia ng'ambo mwaka jana. Futa."

"Nifute na nini?"

"Kwa mdomo. Sema wamehama."

"Wamehama," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Anasoma, namsahihisha, anasema wamehama. Darajani aliwaeleza wasimamizi habari huku wakipiga muhuri kadi yetu ya mashindano, na pikapu ikaondoka mbele ya macho yangu. Hilo nalisema kwa sababu wasemaji wa Malindi hulisahau. Baada ya hapo nilimpita mwenye hoteli kwenye mchanga wa bara, alipokuwa akipambana na gia kwa viatu vyake vizuri, na sikuliona gari jingine tena mpaka nikaona maji ya Kilifi na feri ikiwa katikati.

Nilikuwa wa kwanza kwa dakika mbili. Mwenye hoteli alipofika hakunipa mkono. Alikwenda moja kwa moja kwa wasimamizi akasema gari langu lilitoka na mwanamke likafika na mwanamume. Wakakusanyika. Mmoja akaniambia nimeondolewa. Nikasema isomwe sheria. Ilikuwa ya Kiingereza, yule mwenye filimbi akampa mwalimu, kwa kuwa ndiye msomi aliyekuwa karibu, na mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, karatasi imegusa pua: gari lazima lianze na watu wawili na limalize na watu wawili. Akaisoma mara mbili. Hapakuandikwa wawili wale wale.

"Umeandika wewe?" nikamuuliza mwenye filimbi. Akakunja karatasi.

Tajiri alikuwa amesimama kando ya gati, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Habari za mkwewe zilikuwa zimemfikia kwa simu ya polisi. Nikamwendea.

"Ulijua kwamba njia imebadilika?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Hukumwambia."

"Yeye hakuniuliza. Aliyeniuliza nilimjibu."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kadi ya gari, akaitupa mchangani kati yetu. "Ahadi ni ahadi. Shella usirudi."

Watu wote wale walikuwa wananitazama kama nitainama. Niliinama nikaiokota, nikaipangusa mchanga, nikaitia mfuko wa shati. Sikuona haya. Nimeinama kuokota vitu vidogo kuliko hicho.

Mkwe alivunjika nyonga na mguu. Anatembea na fimbo mpaka leo, na hakuendesha tena. Tukikutana mjini hanisalimu, nami simsalimu. Mwalimu hakupelekwa Mombasa. Alizeeka Ganda, kama alivyoogopa, akawafundisha watoto wangu wote wanne kusoma, na hatukuzungumza zaidi ya salamu. Daftari aliliacha kwenye kiti siku ile. Sikumrudishia.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku mbili, kwa miguu, kutoka Marafa. Nilikuwa nimeliegesha gari mlangoni, nimeliosha, nikidhani atafurahi. Alilipita. Alisema, "Mtoto wa watu alikuwa ananishika mkono ananiita mama," akaingia ndani kuwasha moto. Hakuligusa tena gari lile. Sokoni alikwenda kwa miguu, mazishini kwa miguu, na mimi nikiendesha polepole kandoni mwake, dirisha wazi, namwambia, "Panda, mama, jua kali," naye anatazama mbele. Alipougua ugonjwa wa mwisho nililisogeza mpaka kizingitini. Akatuma mtu kwa jirani kuazima mkokoteni. Nilimsukuma mimi, mpaka hospitali ya Malindi, na shati langu jeupe, mbele ya watu wote.

Nilimkasirikia kwa hilo. Bado namkasirikia.

Leo nina haya. Nyumba ya mawe Ganda, vyumba vitano. Minazi thelathini na sita, mmoja ni ule baba alikoanguka. Niliununua kwa ndugu zake. Mashine ya kusaga mahindi. Teksi mbili, zinaendeshwa na wenye viatu. Mashati meupe saba. Viatu jozi moja, ile ile, vimening'inia msumarini. Daftari moja la shule, limeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Gari moja jekundu, halina injini, liko juu ya mawe nyuma ya nyumba. Mkokoteni mmoja. Jirani alikataa kuuza, nikatengeneza wangu.